Zabuni ya mboga za shule Kigoma: kilo, misimu na foleni ya malipo

Chukua karatasi ya zabuni ya chakula cha shule ya bweni, usome mstari wa mchele. Mara nyingi utakuta kiwango cha unyevu, kiasi cha chenga, mawe, uzito wa mfuko. Maharage nayo yameandikiwa rangi na msimu wa mavuno. Shuka mpaka chini kabisa: "Mboga za majani, mafungu 12,000." Hapo imeisha. Kwa mstari huo mmoja, watoto wa Kasulu au Kibondo watakula ugali na maharage siku saba kwa wiki huku soko la Mwanga, mjini Kigoma, limejaa mboga mpaka chini ya meza. Fedha ipo, mzabuni yupo, wakulima wapo. Kilichokosekana ni mkataba unaojua kwamba mchicha hunyauka.

Ninaandika nikiwalenga watu watatu: mkuu wa shule anayeandaa mahitaji, afisa ununuzi wa halmashauri anayeyaingiza kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa serikali, na kikundi cha wakulima kinachotaka kuuza. Nazungumzia zaidi shule za bweni zinazolishwa kwa fedha za serikali, ingawa wazazi wanaochangia chakula cha mchana katika shule za kutwa watakuta mengi yanawafaa. Kwenye kambi za wakimbizi za mkoa huu hali ni nyingine: mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ni wa vyakula vikavu, yaani unga, kunde, mafuta na chumvi, na mboga mbichi kila familia hujitafutia.

Tuanze na fungu, maana ndilo linaloharibu mambo mengi. Fungu halina uzito. Mchicha wa Januari, mvua ikiwa imekolea, unaweza kukupa fungu la gramu 400. Septemba, maji ya kumwagilia yanabebwa kwa ndoo, fungu la bei ileile linashuka hadi gramu 200. Mafungu 12,000 ya Januari ni kilo 4,800. Mafungu 12,000 ya Septemba ni kilo 2,400. Mzabuni ametimiza mkataba neno kwa neno na sufuria imepungukiwa nusu. Hakuna aliyeiba, na ndiyo sababu mkaguzi haoni kitu. Tenga la nyanya, mkungu wa ndizi, ndoo ya bamia, gunia la kabichi, vyote ni ndugu wa fungu. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa na Sheria ya Vipimo, lakini hata gunia lisilo na lumbesa halikwambii ndani kuna kilo ngapi za kabichi. Andika kilo, kwa kila zao, bila kuacha hata moja. Ndizi mbichi andika kilo za ndizi zilizokatwa chane, bila bua la katikati linaloshika chane, kwa sababu bua hilo ni zito na haliliwi.

Ukishaandika kilo linakuja swali la kilo ngapi, na hapa kuna kosa la hesabu ambalo nimeliona hata kwa watu makini. Tuseme shule ina wanafunzi 600 na unataka kila mmoja apate gramu 100 za mboga iliyokwisha kuchambuliwa. Hiyo ni kilo 60 zinazoingia sufuriani. Mchicha unaoletwa na mizizi na mashina magumu unaweza kupoteza asilimia 40 mezani kwa mpishi. Wengi huchukua 60, wakaongeza asilimia 40, wakapata 84. Lakini ukipokea kilo 84 na kutoa asilimia 40, zinabaki 50 na kidogo. Inatakiwa kugawanya: 60 gawanya kwa 0.6, unapata kilo 100. Kilo 16 zinazopotea kila mara mchicha unapopikwa hazikupotea stoo wala njiani, zilipotea kwenye kikokotoo.

Kabichi haipotezi sana zaidi ya majani ya nje na kigogo, weka asilimia 20: 60 gawanya kwa 0.8 ni kilo 75. Boga likitolewa maganda na mbegu weka asilimia 30, utaagiza kama kilo 86. Hizi ni namba za kuanzia tu. Jikoni kwenu pimeni kilo 10 kabla ya kuchambua, pimeni tena baada, mara tatu kwa siku tofauti, mchukue wastani. Visu vya wapishi havifanani, na mchicha unaong'olewa haufanani na unaokatwa. Kwa kweli, ukiandika kwenye vigezo "mchicha uliokatwa, bila mizizi, shina lisilozidi sentimita 25", upotevu unashuka sana na hulipii udongo.

Sasa vigezo vyenyewe. Mchele ukiutaja kwa jina hukosei, kwa sababu upo mwaka mzima. Mboga ukiitaja kwa jina umejifunga. Mkataba ukisema "mchicha" na wiki hiyo mchicha umeliwa na viwavi, mzabuni ana njia mbili: kutoleta kitu, au kuleta kitu kibovu. Kumbe matembele yamejaa bondeni. Kwa hiyo andika makundi, na ndani ya kila kundi orodhesha majina yanayokubalika kwa bei moja. Kundi la majani ya kijani: mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu, chainizi, sukuma wiki. Kundi la pili kabichi, bilinganya, nyanya chungu na bamia. La tatu ni vitu vinavyokaa, kama maboga, viazi lishe, karoti. Matunda yawe kundi lake: ndizi mbivu, papai, nanasi, parachichi, machungwa, embe. Halafu weka sharti kwamba ndani ya wiki moja zao moja lisirudiwe zaidi ya mara mbili, la sivyo utaletewa kabichi mpaka shule zifungwe.

Kisamvu, au sombe kama wengi wanavyoiita huku, nakipenda na kina lishe, ila kwenye mkataba wa shule kiwekee masharti yake: kiletwe kibichi siku ileile, kitwangwe shuleni, kichemshwe muda mrefu bila mfuniko. Majani ya muhogo yana sumu ya asili inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa, na jiko lenye watoto 600 na kinu kimoja halitaiweza kazi hiyo. Shule isiyo na mashine ya kusaga iache.

Neno moja kuhusu mawese, kwa kuwa tuko Kigoma. Majani ya kijani na viazi lishe yana kiini cha vitamini A ambacho mwili hukifyonza vizuri kikiwa na mafuta, na mawese mekundu yasiyosafishwa yenyewe yana kiini hicho. Mboga ya shule iliyochemshwa kwa chumvi tu imepoteza sehemu kubwa ya faida ambayo serikali imeilipia. Lita chache za mawese kwenye orodha ya manunuzi zinaongeza thamani ya kila kilo ya mchicha.

Ratiba ya shule ndiyo inayosahaulika zaidi. Kilo za mwaka mzima zilizoandikwa kwa jumla hazina maana, kwa sababu idadi ya walaji inapanda na kushuka. Kidato cha sita humaliza mitihani Mei wakaondoka. Kidato cha tano wapya huingia Julai. Kidato cha nne huondoka Novemba. Kuna likizo ya Juni na ile ndefu ya Desemba, na zile fupi za katikati. Andika gramu kwa mwanafunzi kwa siku, kisha idadi ya siku za masomo kwa kila mwezi, na uruhusu oda ya kila wiki ifuate daftari la mahudhurio. Wenzetu wa Tabora wana mfano wenye uchungu: embe zao huiva kwa wingi kuanzia Novemba kwenda Desemba, na shule hufungwa embe zikiwa ndiyo kwanza zimejaa. Tunda la bei nafuu kuliko yote linaoza chini ya miti, na mwezi wa pili shule inatafuta machungwa kutoka mbali. Anayepanga ratiba ya matunda Tabora aweke embe kila siku ya Novemba, zao lingine lisubiri, hata ile sharti ya mara mbili kwa wiki ailegeze kwa mwezi huo.

Kwa mkulima, ratiba hii ni mbegu. Mchicha unavunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia. Kabichi inakaa kitaluni karibu mwezi, kisha shambani kama miezi mitatu. Shule ikitoa oda ya kabichi leo kwa ajili ya wiki ijayo, hainunui kwa mkulima, inanunua kwa dalali aliyekwisha kuzikusanya. Oda ya majani itangulie mwezi mmoja, ya kabichi miezi minne. Si lazima iwe oda kamili yenye kulipiwa. Barua ya makadirio yenye muhuri inatosha kikundi kuamua kioteshe miche mingapi.

Bei ndipo mikataba inapovunjikia. Nyanya ya kiangazi inatoka mabondeni kwa wingi. Masika inashambuliwa na baka jani, ugonjwa wa ukungu, na gharama ya dawa inapanda, huku kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, akiwa haachi msimu. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ni shilingi 800 Julai na 2,000 Machi. Mzabuni aliyeandika 1,000 kwa mwaka mzima ili ashinde atakuhudumia vizuri mpaka Novemba. Kuanzia hapo simu haipokelewi, au inakuja nyanya masalo, yaani mabaki. Aliyeandika 2,000 kwa mwaka mzima amekosa zabuni, au ameipata na shule imelipa zaidi ya mara mbili miezi sita. Dawa yake ni kuomba bei mbili kwa kila kundi tangu kwenye nyaraka: Novemba hadi Aprili, na Mei hadi Oktoba, kisha kutathmini kwa jumla ya zote mbili kulingana na kilo za kila kipindi. Njia nyingine ni mkataba maalumu wenye wazabuni kadhaa, ambao hushindanishwa upya kila robo ya mwaka kwa oda inayofuata. Yote mawili yaingie kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka kabla ya Julai mosi. Ukikumbuka Agosti umeshachelewa.

Suala la kugawa linachanganya watu. Kuvunja mahitaji vipandevipande ili kila kipande kiwe kidogo na kukwepa ushindani ni kosa, na mkaguzi atakuuliza. Lakini kuweka loti, yaani sehemu zinazoombwa kila moja peke yake, ndani ya zabuni moja iliyotangazwa wazi ni jambo jingine kabisa, tena ndilo linalofungua mlango. Zabuni inayoitwa "vyakula mbalimbali", yenye sukari, mchele, nyama na mchicha kwa pamoja, haiwezi kuombwa na kikundi cha akina mama wa bonde la Luiche hata wakilima vizuri namna gani. Ataishinda mfanyabiashara mwenye mtaji wa sukari, naye mboga kwake ni usumbufu. Tenga loti ya majani, loti ya vinavyokaa, loti ya matunda. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, na sioni bidhaa inayowafaa kuliko mboga mbichi. Brazil walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo wa kifamilia. Marekani nako, shule hupata sehemu ya mboga na matunda kupitia mkono wa ununuzi wa jeshi, kwa sababu jeshi tayari lilikuwa na mikataba na malori ya kupeleka vitu vibichi kambini. Nchi hizo mbili zilikubali kwanza kwamba mboga inahitaji njia yake.

Kikundi kinachotaka kuingia NeST kianze kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, maana makundi maalumu husajiliwa kupitia taasisi inayoyalea. Andaeni cheti cha usajili wa kikundi, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, akaunti ya benki yenye jina lilelile herufi kwa herufi, na vitambulisho vya NIDA vya viongozi. Jina la kwenye akaunti likitofautiana na la kwenye TIN, hata kwa neno "kikundi" tu, malipo yatakwama miezi mingi baadaye, mboga zikiwa zimeshaliwa. Na msiahidi kilo msizoweza. Kama shamba linatoa kilo 60 kwa wiki, ombeni loti ya shule moja.

Tufike mlangoni mwa jiko, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pikipiki ya matairi matatu imeegeshwa, viroba vinne vya mchicha na kreti tatu za nyanya. Mzani uwe umewekwa kwenye sakafu iliyo sawa na uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Pima kwanza kreti tupu, andika. Kreti ya plastiki ina kilo moja na kitu hadi mbili, na kwa kreti tatu kila siku umeshanunua plastiki nyingi kwa bei ya nyanya. Kiroba cha mchicha kimiminwe chote kwenye turubai. Ukiona maji yanatiririka, shika vishada viwili vitatu ukung'ute, acha vichuruzike dakika kumi ndipo upime. Maji ya kunyunyizia safarini ni halali, yanazuia kunyauka, ila hayanunuliwi. Ingiza mkono katikati ya rundo. Likiwa la moto, majani yameanza kuchemka yenyewe kwa kubanwa, na kufikia mchana yatakuwa na utelezi hata kama sasa hivi yanang'aa. Hayo kataa.

Nyanya usiangalie za juu. Mimina kreti moja uliyoichagua mwenyewe, tenga zilizopasuka na zenye ukungu, zipime. Mkataba useme zikizidi asilimia 5 ya uzito, kreti hiyo inarudi. Angalia kwenye kikonyo na bega la nyanya: vumbi jeupe lililoganda mara nyingi ni dawa ya kuua ukungu iliyopigwa karibu na kuvuna. Kuosha kunapunguza ya juu, lakini kinachotakiwa ni mkulima kuheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa au pakiti. Sharti la kuleta nakala ya daftari la kupiga dawa, lenye tarehe, jina la kiuatilifu na tarehe ya kuvuna, haligharimu kitu.

Kinachokataliwa kikataliwe pale pale, mbele ya aliyeleta, kabla hajaondoka, na kiandikwe. Kukataa kwa simu saa nane mchana ni ugomvi usioisha, kwa sababu hakuna tena anayejua kilioza shambani au stoo kwenu. Kamati ya mapokezi haiwezi kuamka alfajiri mara nne kwa wiki, basi mkuu wa shule ateue kwa barua watu watatu wanaoishi karibu: mtunza stoo, mwalimu wa zamu na kiongozi wa wanafunzi wa chakula. Huyo wa mwisho msimdharau. Ndiye atakayekula.

Stoo isiyo na jokofu inaweza kufanya kazi kama ratiba inaifuata. Majani yapikwe siku yaliyofika. Kabichi ikae juu ya chaga kivulini, isioshwe, majani ya nje yasitolewe mpaka siku ya kupika. Maboga yenye kikonyo yanakaa hata miezi. Ndizi na embe zinazoiva zisilale chumba kimoja na majani, kwa sababu hewa inayotoka kwenye tunda linaloiva huyafanya majani yawe ya njano. Chumba cha ubaridi cha mkaa uliolowanishwa, au cha kuta mbili za matofali na mchanga mbichi katikati, kinafaa sana Tabora wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Mwambao wa Ziwa Tanganyika masika kitakusikitisha: hewa imejaa unyevu, maji hayakauki kwenye mkaa, na ubaridi hauji. Msijenge kimoja kwa ramani ya mwenzake.

Limebaki la malipo, na hapa nasema kwa uchungu. Mfanyabiashara wa mchele anaweza kusubiri miezi mitatu, ana bidhaa nyingine zinazozunguka. Mwanamke mwenye robo eka ya matembele akisubiri miezi mitatu amekosa mbegu, amekosa nauli, na msimu ujao anauza kwa dalali kwa nusu bei papo hapo. Madeni ya wazabuni wa chakula mashuleni ni jambo linalojulikana nchi nzima. Shule haiwezi kuharakisha fedha kutoka juu, ila ucheleweshaji mwingine huanzia mezani kwake: oda iliyotoka kwa mdomo kabla ya ile ya mfumo, hati ya mapokezi isiyo na sahihi ya tatu, kilo za kwenye ankara zisizolingana na za daftari. Funga hesabu kila Ijumaa, si mwisho wa mwezi. Ankara iwe ya mwezi lakini ibebe hati nne za wiki zilizokwisha kulinganishwa.

Mkulima naye ajue kabla ya kusaini kwamba serikali hukata asilimia 2 ya kodi ya zuio kwenye malipo ya bidhaa. Kwa shilingi 1,000,000 atapokea 980,000, na hizo 20,000 hazijapotea kama amedai cheti chake, zinahesabiwa kwenye kodi yake ya mapato. Mboga na matunda yasiyosindikwa hayana VAT, kwa hiyo asiiongeze kwenye bei. Hati ya mapokezi iandikwe nakala tatu kwa kaboni: moja ya stoo, moja ya mhasibu, moja aondoke nayo aliyeleta mzigo asubuhi ileile, ikiwa na kilo zilizopokelewa, kilo zilizokataliwa na sababu. Ile nakala ya tatu ndiyo atakayoishika mkononi akienda kuulizia fedha yake halmashauri.